Koti la Shule Iliyofungwa

"Anza tena," alisema Sajenti Vernita Stallworth. "Koti uliliona mara ya mwisho lini?"

"Saa sita mchana, afande. Nimeshasema."

"Sema tena. Safari hii usinieleze ulivyojisikia. Nieleze mikono yako ilifanya nini."

Jonelle Pruitt aliitazama mikono yake juu ya meza kana kwamba ndiyo itakayojibu. Alikuwa dada mwembamba wa miaka ishirini na kitu, ukosi wa blauzi yake umechomekwa sindano, na kazi yake ilikuwa kumvalisha Tavion Oglesby, kijana aliyekuwa akifunga kuliko mchezaji mwingine yeyote wa Wahunzi wa Detroit, timu ya mpira wa kikapu. Kila siku ya mechi Oglesby alishuka garini kwenye maegesho ya chini ya uwanja, akapita katika ujia wa wachezaji mbele ya wapiga picha, na kabla mpira haujarushwa juu vijana wa mji mzima walikuwa wameshajua amevaa nini. Leo angevaa koti lililongojewa tangu Krismasi. Koti halikuwepo, na kadi iliyofungua mlango wa chumba cha nguo ilikuwa ya Jonelle.

"Nilipiga pasi ukosi," alisema. "Nikalitundika kwenye hanga. Nikafunga mlango. Kadi nikaining'iniza kwenye kitoroli cha nguo pale koridoni, maana nilikuwa narudi sasa hivi. Nikaenda chumba cha kina mama."

"Kufanya nini?"

"Kukamua maziwa. Nina mtoto wa miezi minne. Nyla. Yuko kwa mama yangu, mtaa wa Dexter."

"Uliporudi?"

"Kadi ilikuwa palepale. Sikuwa na sababu ya kufungua mlango, nikaenda kutafuta chakula. Nilipokuja kufungua saa tisa, nikakuta hanga tupu."

"Mtambo wa mlango unasema kadi yako ilifungua ukiwa kwenye hicho chumba cha kina mama."

"Basi mtu aliichukua, akairudisha."

"Nani?"

"Ningekuwa namjua, ningekuwa nimekaa hapa na wewe?"

Mlangoni alisimama Prentiss Haugen, mkuu wa usalama wa uwanja, mwanaume mpana aliyenyoa kichwa na kuvaa tai ya rangi ya timu. Alisogea, akaweka kifungo mezani. Kilikuwa kifungo kikubwa cha pembe, cheusi chenye michirizi ya maziwa.

"Hiki tumekitoa kwenye mkoba wake," alisema. "Ni cha koti. Linganisha na picha. Tunapoteza muda, Sajenti."

Stallworth alikichukua, akakiinua kwenye taa. Alikigeuza. Akachomoa kalamu mfukoni, akaingiza ncha yake kwenye tundu moja, ikatoka na unga mweupe.

"Nani alitoboa hivi vifungo?"

"Fundi wa pembe, sokoni Eastern Market," alisema Jonelle. "Anatoboa kwa mkono."

"Huu ni unga wa kutoboa, Bwana Haugen. Bado umo tunduni. Uzi ungepita hapa hata mara moja, ungeusukuma nje. Kifungo hiki hakijawahi kushonwa kwenye nguo yoyote."

"Ni cha akiba," alisema Jonelle kwa sauti ndogo. "Nilimwambia. Hakunisikiliza."

Haugen alikohoa, akasema kifungo ni kifungo, lakini alikipokea na kukirudisha mezani polepole.

Stallworth aliinama kwenye sanduku la magurudumu la Jonelle lililokuwa ukutani. Ndani mlikuwa na mikanda, soksi, vibanio vya chuma, na jozi za viatu vikubwa kama mitumbwi. Alitoa kimoja, akakipindua. Soli yote, kuanzia kidole hadi kisigino, ilikuwa imefunikwa na utepe wa gundi, ule wa karatasi wanaotumia wapaka rangi.

"Na hii?"

"Viatu vya kuazima," alisema Jonelle. "Nguo nyingi mnazoziona si zao. Duka la mitindo linatuazima, anavaa jioni moja, zinarudi kama mpya. Soli ikichubuka, kiatu hakipokelewi tena. Kwa hiyo tunabandika utepe. Mchezaji mwenyewe hata hajui. Anatoka garini, anapita kwenye zulia, anavua. Nguo nazo tunazibana kwa nyuma na hivyo vibanio zimkae. Mbele anapendeza. Nyuma anafanana na kamba ya kuanikia nguo."

Kwa mara ya kwanza alicheka kidogo, kisha akajikunja ghafla, mkono kifuani. Doa la majimaji lilikuwa limeanza kutokea kwenye blauzi.

"Nenda," alisema Stallworth.

"Haendi popote," alisema Haugen.

"Bwana Haugen, umewahi kunyonyesha?"

"Mimi?"

"Basi katika hili tuachie sisi. Nenda, Jonelle. Jikamue kwa nafasi, urudi hapa."

Alipotoka, Haugen aliufunga mlango kwa mgongo wake. "Sikiliza. Koti lile lilikuwa liende mnadani kesho kwa ajili ya viwanja vya watoto. Bei yake inalifanya kosa kubwa la jinai, si udokozi. Milango ya mashabiki ikifunguliwa, nataka awe ameshaondolewa humu. Akishitakiwa jioni hii, atalala ndani, hakimu amwone asubuhi. Si mimi nisemaye, ndio utaratibu."

"Utaratibu naujua. Na mtoto wa miezi minne atalala na nani?"

"Hilo si suala la usalama wa uwanja."

"La," alisema Stallworth. Alikitia kifungo kwenye mfuko wa nailoni. "Nipe mpaka milango ifunguliwe. Kabla ya hapo asiguswe na mtu."

*

Alianza na milango. Jumba lilikuwa na njia nyingi za kuingilia, lakini mchana kabla ya mechi karibu zote zilifungwa. Kamera za ulinzi zilionyesha wapishi, wafagiaji, mafundi wa taa. Zilionyesha pia wachezaji wakiwasili, mmoja mmoja, kupitia maegesho ya chini na ujia, kuanzia saa kumi na moja kasorobo. Wakati mlango wa chumba cha nguo unafunguliwa, hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa ameonekana ndani. Ndiyo maana Haugen hakuhangaika nao.

Mlango wa mizigo ulikuwa na kamera yake, lakini mchana wote picha ilionyesha ubavu wa lori.

Stallworth alishuka mwenyewe kwenda kuona. Baridi ya Januari ilimpiga usoni pazia la plastiki lilipofunguka. Jumapili uwanja huohuo ulikuwa umejazwa udongo kwa ajili ya maonyesho ya magari yenye matairi makubwa, yale yanayoruka na kuponda mengine, na malori yalikuwa bado yanauhamisha. Udongo wenyewe ulikuwa mwekundu, umeletwa kutoka kusini. Wafanyakazi walikuwa wakipigana na mabonge yake kwa sepetu. Nje ya hapo Detroit nzima ilikuwa nyeupe kwa theluji na chumvi ya barabarani.

"Mchana huu ameingia mtu hapa?" alimuuliza mlinzi.

"Mama, hapa tangu asubuhi wanaingia na kutoka kama nzi. Mimi naangalia malori yasinikanyage."

Stallworth alipanda ngazi kurudi ndani. Hatua chache mbele alitazama nyuma. Aliacha alama nyekundu kwenye saruji. Akavua kiatu, akajaribu kukwangua soli kwa kadi ya benki. Udongo ulikuwa umenata kama ugali uliopoa. Alikiosha kwenye bomba la wafagiaji, akaendelea.

*

Tavion Oglesby aliwasili bila koti. Alipita kwenye ujia akiwa amevaa sweta la kijivu lililotoboka kiwiko na suruali ya kulalia, mikono mfukoni, na wapiga picha walimpiga vilevile. Stallworth alimpata mbele ya kabati lake akijifunga goti. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hata akiwa amekaa macho yao yalilingana.

"Huko mtandaoni wanasema umelificha mwenyewe," alisema Stallworth. "Kwamba unatafuta kiki."

"Sajenti, mimi nikitaka kiki navaa sketi. Nilishavaa mwaka jana. Ilifanya kazi vizuri tu."

"Kwa hiyo hukulificha."

"Lile koti nalipenda. Unajua limetengenezwa na nini? Jaketi za shule. Shule ya Burdette, kule magharibi mwa mji, waliifunga watu wakaachwa na majaketi yao tu. Jonelle alizunguka nyumba kwa nyumba kuyakusanya. Sufu ya zambarau, mikono ya ngozi, na majina yao hajayatoa. Ukilivaa unakuwa umebebwa na darasa zima. Mimi ni mtu wa Houston, mjini hapa naitwa mgeni. Nilitaka waone nimevaa watu wao."

"Jonelle anaweza kuliiba?"

Oglesby aliacha kufunga goti. "Jonelle alianza kulishona hilo koti ana mimba, akalimaliza mtoto yuko mgongoni. Mtu anaiba kitu chake?"

"Watu huiba vyao kila siku. Nani alikuwa ameshaliona?"

"Timu nzima. Jana niliweka picha kwenye kundi letu la simu."

"Wakasemaje?"

"Wakanikejeli kama kawaida. Mmoja akasema nimevaa mapazia ya bibi yake. Mwingine akauliza kama linakuja na kijitabu cha maombolezo." Alitabasamu, kisha akafikiri. "Benning hakusema kitu. Ni ajabu, maana yeye ndiye hunitania kuliko wote."

Corliss Benning alikuwa mkongwe wa timu, mzaliwa wa Detroit, mwaka wake wa mwisho uwanjani. Kabla Oglesby hajaja, ujia ule ulikuwa wake.

"Ana kinyongo na wewe?"

"Mkongwe? Anasema navaa kama mtu aliyekimbia moto. Lakini ndiye aliyenifundisha kutembea mbele ya kamera. Taratibu, usitabasamu, usiangalie chini." Akainua mabega. "Labda ni wivu kidogo. Na yeye leo amepigilia, umemwona? Suti ya krimu na ile miwani ya pembe za nyati."

Stallworth hakuwa amemwona. Alimshukuru, akaenda kuwatafuta wapiga picha.

*

Nasser Alwan, kijana wa Dearborn aliyepiga picha za ujia tangu jumba lijengwe, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kukunja mwisho wa zulia, kompyuta magotini, akila mbegu za maboga.

"Nataka kila aliyeingia leo," alisema Stallworth. "Si zile nzuri ulizotuma. Zote."

"Zote ni nyingi, sista. Na mbaya ni mbaya kweli. Watu wamefumba macho, wanajikuna."

"Hao hasa ndio nawataka."

Alianza kutafuta mabegi. Koti kubwa kiasi kile halikunjiki likaingia mfuko wa suruali. Aliyelichukua angehitaji mahali pa kulitia. Aliona begi la mgongoni, begi la mgongoni, kisanduku cha vipodozi, mbwa mdogo kwenye kapu. Begi la mchezaji mmoja wa akiba lilikuwa limevimba, akaliwekea alama, kisha katika picha iliyofuata zipu ikaonekana wazi na mto wa shingo unachungulia. Hamna kitu.

Picha za Benning zilianza kabla hajatoka garini. Nasser alikuwa amepiga chini sana, kutoka magotini, ili mguu uonekane mrefu. Mlango wa gari umefunguka. Mguu mmoja umetoka, umenyooka hewani, ncha ya kiatu juu. Soli yote inaitazama kamera.

"Rudi," alisema Stallworth. "Hiyo. Ikuze."

"Hii? Hii nimeikosea. Uso haupo kabisa."

"Ikuze hapo chini."

Utepe wa karatasi ulijaa kwenye kioo. Ulikuwa umechanika kwenye kidole, kingo zake zimejikunja. Na kuanzia kisigino hadi katikati ulikuwa na uchafu mwekundu uliokauka na kupasuka.

Stallworth aliinua kichwa. Alitazama sakafu ya maegesho nyuma ya zulia. Saruji ilikuwa imeoshwa, bado ina unyevunyevu, rangi ya majivu.

"Hapa panaoshwa lini?"

"Kila siku ya mechi, kabla hawajaja. Matope yasituharibie picha."

"Na hapa mguu wake haujagusa chini bado."

"Ndo anashuka, sista. Bado uko hewani."

"Ndiyo," alisema Stallworth. "Uko hewani."

Alimwomba asiifute, asiitume, asimwonyeshe mtu. Nasser alitema ganda la mbegu kwenye kiganja na kumtazama usoni.

"Kuna mtu ameingia matatani?"

"Kuna mtu yumo matatani tayari. Nataka kumtoa."

*

Corliss Benning alikuwa kwenye chumba cha tiba, peke yake, miguu yake yote miwili ndani ya ndoo ya barafu. Suti ya krimu aliyosaidiwa kuivua ilikuwa imetundikwa ukutani, mgongo wake bado umeng'atwa na vibanio. Miwani ilikuwa usoni. Kwa mtu wa mji huu miwani ile haiachwi mezani, watu wameshauana kwa ajili yake. Viatu vilikaa chini ya benchi, vimepangwa sawasawa.

"Bwana Benning, Sajenti Stallworth. Usinyanyuke."

"Ningenyanyuka vipi, dada? Hapa chini vidole vyangu sivisikii tena." Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu. "Umempata aliyemwibia huyu mtoto Tavion?"

"Uliwasili saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na kitu. Muulize Nasser, anajua kuliko mimi."

"Kabla ya hapo hukuwa hapa uwanjani?"

"Nilikuwa nyumbani, nimelala. Mzee lazima alale mchana."

"Ukiwa umevaa hiyo suti?"

Benning alitabasamu. "Baada ya kulala."

"Nani alikuvalisha?"

"Dada mmoja wa New York. Ana mikono mizuri, ila bei yake utadhani anashona ngozi ya malaika."

"Alikuvalisha saa ngapi?"

Hapo alisita. Barafu iligongana ndani ya ndoo.

"Mchana," alisema. "Alikuwa na ndege ya kurudi."

"Kwa hiyo hukulala. Nguo imebanwa mgongoni kwa vibanio hivyo, ukilala vinakutoboa. Na kuivua peke yako huwezi, hujui vimeanzia wapi. Tangu mchana ulikuwa ndani yake." Alichuchumaa, akachukua kiatu kimoja cha chini ya benchi kwa leso, akakipindua, akakiweka juu ya benchi soli ikiwa juu. "Mahali pengine pote pa mji huu ni theluji. Huu udongo umeutoa wapi?"

Benning alikitazama kiatu. Ilionekana wazi kwamba hajawahi kukiona upande ule.

"Nini hiki kimebandikwa?"

"Utepe. Kiatu si chako, ni cha kuazima. Hukuambiwa?"

"Hakuna anayeniambia chochote. Nanyoosha mguu, wananivika."

"Ndiyo maana hukukiangalia. Ungejua umebandikwa kitu cheupe hapo chini, ungekisafisha. Udongo huu uko sehemu moja tu, mlango wa mizigo. Kamera ya pale leo imezibwa na lori. Ulipita mchana, ukapanda, ukaikuta kadi inaning'inia kwenye kitoroli. Ukatoka kwa njia ileile, ukarudi kwenye gari, ukaja tena saa kumi na moja mbele ya kila mtu kama ndiyo mara yako ya kwanza. Picha ya Nasser inaonyesha udongo kabla mguu wako haujagusa chini. Naweza kuupeleka maabara, au unaweza kuniambia koti liko wapi."

Kwa mbali, kwenye uwanja, mtu alikuwa akijaribu spika: moja, mbili, moja, mbili.

Benning alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya taulo, akaivaa tena. Kisha akaelekeza kidevu kwenye kabati la taulo.

Lilikuwa nyuma ya taulo safi, limekunjwa kwa uangalifu, sufu ya zambarau na mikono ya ngozi. Stallworth alilifungua. Hakuna mshono uliokatwa. Lakini mkasi wa daktari wa timu ulikuwa umelala juu ya mkono wa kushoto, na pale karibu na kiwiko, kwa uzi wa dhahabu uliofifia, jina lilikuwa limetariziwa: Roderick.

"Ndugu yako?"

"Kaka yangu. Hakumaliza shule. Alikufa mwaka wake wa mwisho." Alisema kama mtu anayesoma matokeo ya mechi. "Dada yangu amehama nyumba msimu wa kiangazi. Akatoa magunia ya vitu vya chini ya ngazi, akampa huyo msichana bila kuangalia. Jana naona picha kwenye simu. Mtoto wa Houston amevaa mkono wa kaka yangu, wenzake wanamwambia mapazia ya bibi."

"Ulitaka kukata mkono."

"Nilitaka kukata mkono tu, nirudishe kilichobaki. Nikakaa hapa na mkasi. Sikuweza kuukata."

"Ungemwambia Oglesby."

"Nimwombe mtoto yule jina la kaka yangu?"

"Ungemwambia Jonelle, basi."

Benning aligeuza uso ukutani.

"Saa tisa mlipata taarifa kwenye simu kwamba koti limeibwa," alisema Stallworth. "Mlitajiwa na jina la anayeshukiwa. Haugen alinionyesha ujumbe huo kwa fahari. Uliusoma?"

"Niliusoma."

"Ulijua ana mtoto mchanga?"

"Timu nzima inajua. Tulimchangia kitanda."

"Halafu ukashuka garini ukapigwa picha."

Benning alitoa mguu mmoja kwenye ndoo, mwekundu, ukivuja maji. Akautoa na wa pili. "Nilidhani ningelirudisha wakati wa mapumziko," alisema. "Lionekane lilianguka mahali. Msichana angeachiwa."

"Wakati wa mapumziko angekuwa ameshapigwa picha na yeye. Ya kituoni, ubavu na mbele." Stallworth alikunja koti juu ya mkono wake, akatia kiatu kwenye mfuko. "Koti na ndugu yako ningekuelewa, lakini si kumwacha Jonelle abebe kosa lako. Vaa kitu miguuni. Utapanda juu, utalisema hili mbele yake kwa mdomo wako."

"Mechi inaanza karibuni, dada."

"Ndiyo. Kwa hiyo tembea haraka."

*

Benning alipanda akiwa amevaa kandambili za kuogea na fulana ya mazoezi. Wapiga picha waliokuwa kwenye ujia walimwona akipita, na Nasser peke yake ndiye aliyeshusha kamera. Wengine walipiga, kisha wakaulizana wamepiga nini.

Jonelle alikuwa amekaa palepale, chupa mbili za maziwa vuguvugu zimefungwa kwenye kitambaa mbele yake. Haugen alikuwa ameshika simu. Oglesby alikuwa amefuata uvumi, kajaa mlangoni.

Benning aliyasema yote, akianzia mlango wa mizigo. Hakuapa wala hakujitetea. Alipofika kwenye jina, Jonelle alinyanyuka, akalichukua koti mikononi mwa Stallworth, akaugeuza mkono wa kushoto ndani nje.

"Huu mshono ni wangu," alisema. "Ungeniuliza, ningekutolea mkono huu ukiwa umesimama hapohapo. Ningeshona mwingine kabla chai haijapoa. Ungeniuliza tu."

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa nikipiga hesabu mama yangu ana maziwa ya kutosha kwenye friji au hana. Hilo ndilo nililokuwa nafanya wakati wewe unatembea taratibu bila kuangalia chini."

Oglesby alitazama sakafu.

"Chukua huo mkono, mkongwe," alisema hatimaye. "Ungekuwa umesema jana, ningeukata mwenyewe. Tena ningekuletea na maua."

"Basi mambo yameisha vizuri," alisema Haugen, akipiga makofi mara moja. "Sajenti, umefanya kazi. Jonelle, tunasikitika, kulikuwa na mkanganyiko. Sasa, kamera bado zipo chini. Tavion anaweza kutoka na kuingia upya, watu wanangoja. Rekebisha huo mkono haraka, mvalishe, tumalize."

Jonelle aliliweka koti mezani. Alichomoa sindano moja moja kwenye ukosi wake, akazipanga juu ya sufu, pamoja na uzi na kibano cha mwisho kilichokuwa mfukoni. Akabeba chupa zake.

"Mvalisheni nyinyi," alisema.

Alipita katikati ya wanaume wale, na wote watatu, kila mmoja mkubwa kuliko mwenzake, walijibana ukutani kumpisha. Stallworth alimsindikiza mpaka kwenye ngazi ya kutokea. Chini milango ilikuwa imefunguliwa, na watu wa kwanza walikuwa wanaingia wakipangusa theluji mabegani, watoto mabegani mwa baba zao, wakitafuta viti. Jonelle aliteremka akipishana nao. Hakuna aliyemtambua.

Stallworth aliporudi, Haugen alikuwa akimngoja mlangoni, sauti yake ameishusha.

"Taifa zima linatazama mechi hii, Sajenti. Benning anaanza kikosini. Maelezo yake hayawezi kusubiri mpaka tumalize?"

"Hayawezi," alisema Stallworth. Alimtoa Haugen nje kwa upole, akafunga mlango, akamvutia Benning kiti.